Ukiumwa, Usiende Nyuma ya Nyumba

Mwanangu Evodia,

Sina haja ya kukuuliza hali yako, maana nakusikia. Ukuta wa nyumba hii ni mwembamba, na wewe uko upande wa pili unacheka na binti za shangazi yako huku wanakusuka. Mimi nimejifungia kwenye chumba cha maharage, nimegeuza debe nikalifanya meza. Kesho gari la watu wa Nyabusozi litafika, nawe utaondoka hapa Nyakisasa kwenda kwa Sabas.

Mambo ya jikoni, ya wakwe na ya chumbani shangazi zako wameshakufunda. Nimewasikia hao pia. Sitayarudia. Unanijua, mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu; nikisimama naishia kusema, "Basi, karibuni chakula." Ndiyo maana naandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya, lisogeze mwenyewe uendelee kusoma.

Wiki hii uliniuliza swali nikalikwepa. Uliuliza kwa nini ndizi za harusi yako zimekamuliwa kule bondeni kwa baba yako mdogo, wakati kila nyumba hukamua uani kwake. Nikakujibu kwamba kule maji yako karibu. Maji yako karibu kweli, lakini hiyo si sababu. Watu wamenung'unika. Mzee mmoja alinisimamisha njiani akasema, "Laurenti, unamwoza mtoto au unamfukuza? Urwagwa, pombe ya harusi yenyewe, unakamuliwa kwa jirani?" Nikacheka. Kucheka ndiyo kazi niliyoizoea. Barua hii ni ya kuhusu kucheka kwangu, na nyuki, na mama yako.

Tulikuambia kwamba mama yako alikufa kwa moyo. Haikuwa moyo. Aliumwa na nyuki. Si kundi, mwanangu. Nyuki mmoja, labda wawili.

Nimekaa kidogo baada ya kuandika sentensi hiyo. Sasa naendelea.

Katika ukoo wetu kuumwa na nyuki ulikuwa mzaha. Babu yako alining'iniza mizinga ya magogo juu ya kila mti uliokubali kubeba, na sisi watoto tulikua chini ya mlio wake. Mtoto akirudi nyumbani jicho moja limefumba kwa uvimbe, hakuna aliyempa pole. Babu alimwuliza, "Wamekusalimia?" Mtoto anajibu, "Wamenisalimia." "Na wewe ukaitikia?" Hapo nyumba nzima inacheka. Aliyelia aliitwa nzi mpaka mavuno mengine. Mimi niliitwa nzi mwaka mmoja tu, nikajifunza kunyamaza, na kisha nikawa fundi wa kuwaita wenzangu.

Na kwa kweli miili yetu ilizoea. Mimi naumwa mkononi asubuhi, jioni sioni hata alama. Kwa hiyo niliamini kwamba nyuki ni kama jembe: siku za kwanza linakuchubua, baadaye kiganja kinakuwa kigumu na unasahau. Sikujua kwamba wako watu ambao kiganja chao hakiwi kigumu kamwe, ambao kila mara jembe linaingia ndani zaidi.

Mama yako alikuwa mtu wa Kabanga. Baba yake alibadilisha fedha kwa abiria wa mabasi pale mpakani, na Anastazia alikulia kwenye kelele za watu wanaovuka. Aliweza kununua nyanya kwa lugha nne. Mizinga hakuijua. Siku nilipomleta hapa alitazama juu ya mti akauliza, "Nani kasahau gogo lake kule?" Ndugu zangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo jina lake likawa Binti wa Kabanga, na yeye alilipokea vizuri, maana alikuwa mcheshi kuliko sisi wote.

Mara ya kwanza aliumwa akipalilia maharage. Mkono ulivimba kama mkate, ukapoa baada ya siku kadhaa. Tulicheka, naye alicheka. Akautingisha ule mkono mbele ya shangazi yako Jenoveva akisema, "Shikamoo, huyu ni mgeni wenu ameongezeka." Hapo hapakuwa na kosa kubwa. Mkono kuvimba palepale ulipochomwa, hata ukivimba sana, ni jambo la kawaida. Linauma tu.

Mara ya pili ndiyo ninayoionea aibu kuandika. Nilikuwa narina mzinga ule wa karibu na nyumba. Nilikuwa na mizinga mingine kule mbali, lakini huu niliutundika kwenye mti wa hapa uani kwa sababu wageni waliuona na kuusifu. Mama yako alikuwa ananiletea beseni. Nyuki akamchoma shingoni. Akaweka beseni chini, akaingia ndani. Nilipomfuata baadaye nilimkuta amekaa kitandani anajikuna viganja vya mikono na nyayo. Mwili mzima ulikuwa umetoka mabaka mekundu yaliyoinuka, hata tumboni, ambako hakuna nyuki aliyefika. Midomo ilikuwa imejaa. Alikuwa ametapika kwenye ndoo. Akaniambia kwa sauti nzito kama ya mwanamume, "Baba Evodia, koo linabana."

Nikamwambia, "Umekula nini?"

"Sijala kitu. Ni nyuki."

"Nyuki mmoja anakufanya uimbe sauti ya nne?"

Ilipita. Kwa bahati tu, sasa najua. Lakini jioni ile wanaume walipokaa uani kunywa, mimi nikasimama nikaigiza. Niliigiza anavyojikuna, nikaigiza ile sauti: "Baba Evodia, koo linabana." Walicheka sana. Mama yako alikuwa jikoni, mlango uko wazi. Nilimwona anafunika chungu. Alikishusha kifuniko polepole, kama mtu anayefunika kitu kilicholala. Kisha naye akacheka, akasema kutoka kule kule, "Endelea, kuna siku utaniomba radhi."

Hakutaja tena nyuki mbele yangu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa maandalizi ya komunio yako ya kwanza. Usije ukaichukua hiyo na kuibeba. Nakutajia kwa sababu unaikumbuka siku hiyo, na sitaki ubaki unaunganisha vipande peke yako. Ndizi zilikuwa zimeivia shimoni, tukazitoa, tukazimenya, tukazikamua kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti hapa hapa uani. Unajua umutobe, ile juisi ya ndizi, ukishatoka harufu inavyosambaa. Nyuki walikuja. Walikuja wengi kutoka mzinga wangu wa fahari, ambao ulikuwa juu ya vichwa vyetu. Mwanzoni walikunywa kwenye ukingo wa mtumbwi bila kumgusa mtu. Halafu wanaume wakaanza kuwapiga kwa nyasi, wakaponda wale waliokuwa kwenye mtumbwi.

Hapo ndipo mtu aliyezaliwa chini ya mizinga alipaswa kusema, "Acheni." Ukimponda nyuki anatoa harufu ya kuwaita wenzake waje kupigana. Harufu hiyo, mwanangu, inafanana na ya ndizi mbivu. Nyuki anayeishi karibu na ndizi hawezi kupata amani siku ya kukamua; sisi tunaona sherehe, yeye anaona vita. Babu yako alinifundisha nisile ndizi mbivu kabla ya kwenda kurina. Nilijua. Na bado nilikamua ndizi za mtaa mzima chini ya mzinga, kwa sababu nilitaka watu wauone mzinga na mtumbwi kwa pamoja.

Mama yako alikuwa anapita na sufuria. Nikaona anashika shingo. Alisimama, akanitazama. Hayo macho naweza kukuonyesha yalikuwa wapi mpaka leo. Alikuwa amesimama pale unapoanikia vyombo. Alinitazama kama mtu anayepima kama mto unavukika. Na mimi nikatabasamu. Nikainua mkono nikajikuna shingo, ule mwigizo wangu wa zamani.

Akaweka sufuria chini. Akaenda nyuma ya nyumba.

Nikawaambia wanaume, "Binti wa Kabanga amekwenda kupokea salamu." Wakacheka. Alikuwa hajafika mbali. Nadhani alisikia.

Wewe ndiye uliyekuja ukanivuta shati. Ulisema, "Baba, mama amelala kwenye migomba, hataki kuamka." Nilidhani ni mchezo, maana alikuwa mtu wa michezo. Nikakujibu, "Mwambie ale ndizi ataamka." Ukarudi kwake, ukaja tena. Mara ya pili ndipo nilikimbia. Alikuwa ameketi ameegemea mgomba, kitambaa chake kimefungwa vizuri shingoni kufunika mabaka. Alikuwa amekifunga mwenyewe. Alikwenda kujificha ili apone bila mtu kumwona, kama alivyopona mara ya kwanza na ya pili. Tulimpakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, na hakufika zahanati akiwa hai.

Tabibu wa pale zahanati alituuliza amepatwa na nini. Nikasema aliumwa na nyuki mmoja tu, haiwezi kuwa hiyo. Akauliza, "Aliwahi kabla ya leo kutoka mabaka mwili mzima, kutapika, kubanwa pumzi?" Nikamwambia, "Hapana." Pale pale, mama yako amelazwa mbele yangu, nikasema hapana. Niliona aibu kusema kwamba alishaniambia. Njiani tukirudi, Jenoveva akasema, "Tutawaambia watu ni moyo. Ukoo wa mizinga hauwezi kuuliwa na nyuki." Nikakubali. Mtoto ulikuwa wewe peke yako, na wewe ndiye tuliyekudanganya kwa muda mrefu kuliko wote.

Nilimrudia yule tabibu baadaye sana, siku moja nikitoka kuuza maharage. Nikamweleza kweli. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa gumu kuliko lawama. Alinieleza kwamba kuna watu ambao damu yao ikishakutana na sumu ya nyuki mara moja, inaikumbuka kwa hasira. Uvimbe wa mahali ulipochomwa si tatizo. Tatizo ni pale mwili unapojibu mbali na pale: mabaka sehemu nyingine, midomo na ulimi kujaa, sauti kubadilika, kifua kupiga filimbi, tumbo kukata, kizunguzungu. Mtu huyo hasubiri aone itakuwaje. Anapelekwa kudungwa sindano palepale, maana dawa ipo. Hilo neno "dawa ipo" nilitembea nalo mpaka nyumbani.

Sasa nakuja kwako.

Mwaka jana wakati wa kupura maharage, ulirudi kutoka shambani umeshusha mikono ya sweta mpaka kwenye vidole, na jua lilikuwa kali. Nilikuona shingoni. Yalikuwa mabaka yale yale. Nikakuuliza, "Nini hicho?" Ukajibu, "Joto tu, baba," ukacheka. Ulicheka kicheko cha mama yako, na ukaenda nyuma ya nyumba.

Nilikufuata, nikasimama kwenye kona nisionekane, nikakuangalia mpaka ulipoanza kufua nguo. Ningepaswa kukubeba siku ile. Nilisimama tu kwenye kona kama mwizi. Unajua nilichofanya kesho yake: niliteremsha mizinga yote nikampa baba yako mdogo akaitundike mbali na nyumba, nikasema nimezeeka kupanda miti. Watu walinicheka, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kuchekwa. Lakini kukuambia sikukuambia. Niliona kwamba nikisema la kwako, nitalazimika kusema la mama yako.

Kosa la mwisho ni la juzi juzi. Washenga wa Sabas walipokuja, mjomba wake aliuliza kama desturi ilivyo, "Binti ni mzima? Hana maradhi?" Ukoo mzima ukanigeukia. Nikasema, "Mzima kama jiwe la mtoni." Wakapiga makofi. Nilijua fika kwamba watu wale wanafuga nyuki.

Nilimwambia Jenoveva kwamba nataka kwenda kulisahihisha lile neno. Alikuwa anapepeta mtama. Akasimamisha ungo.

"Unataka kumtangaza mtoto kama mbuzi mwenye kilema?"

"Nataka wajue."

"Watajua nini? Kwamba akiumwa na nyuki anavimba? Nani havimbi? Laurenti, mahari imepokelewa. Ukilisema hilo watasema tuliwaficha."

"Tuliwaficha, dada."

Akaanza tena kupepeta. "Basi sema ni wewe. Usiseme ni sisi."

Nikasema sawa, ni mimi. Usimchukie shangazi yako kwa hili. Ndiye aliyekulea, na ndiye aliyekaa na wewe usiku ule wakati mimi sikuweza kukutazama usoni.

Ile siku niliyosema nakwenda Biharamulo kutafuta mabati, nilikwenda Nyabusozi. Mama yake Sabas alinikuta nimesimama nje ya uzio kama mtu anayedai. Akanikaribisha, akaniletea uji, akakaa. Nilizunguka maneno mpaka uji ukapoa. Mwishowe nikasema, "Mkwe, nimekuja kukuambia jambo ambalo sikulisema mbele ya washenga. Evodia akiumwa na nyuki anaweza kufa."

Alicheka. Alipiga paja lake akacheka. "Nyuki! Mkwe, umenitia hofu. Nilidhani unakuja kuniambia ana mtoto Ngara mjini."

Mimi sikucheka. Nadhani alishangaa, maana siku ya washenga nilikuwa mchekeshaji wa mkutano. Akasema, "Endelea." Nikamweleza yote, hata mwigizo, hata "mwambie ale ndizi ataamka." Wewe unayasoma leo, yeye aliyasikia kabla yako, nisamehe kwa hilo pia. Nilikuwa najifunza kusema.

Akamwita Sabas kutoka shambani. Mvulana akasimama na jembe lake, akasikiliza. Hakuuliza la aibu hata moja. Aliuliza, "Baba, kutoka kuumwa mpaka kufika kwenye sindano, tunakuwa na muda kiasi gani?"

Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Wa mama yake sikuupima. Nilikuwa nacheka."

Akasema, "Basi pikipiki haitalala bila mafuta." Akarudi kulima. Nilimpenda hapo, kuliko siku aliyoleta mahari.

Tulikwenda na mama mkwe wako mpaka kwenye zahanati yao kuuliza kama wanayo ile dawa ya sindano. Muuguzi akasema wanayo, lakini huisha wakati mwingine, na ikiisha inabidi kwenda kituo cha afya cha mbele bila kusubiri. Sabas ameahidi kuwa atauliza kila anapopita. Wewe pia uliza. Na siku za kwanza tu, nenda umweleze tabibu wa huko historia yako yote, na ya mama yako. Usipunguze neno. Vidonge vya kutuliza muwasho anaweza kukupa ukae navyo, lakini yule wa huku alinionya kwamba vidonge havishiki nafasi ya sindano.

Mizinga yao iko nyuma ya choo. Mama mkwe wako amesema itahamishwa mbali kabla hujafika. Inawezekana imehamishwa, inawezekana bado. Wakulima tuna mambo mengi. Ukikuta bado, mkumbushe, hata ukiwa bibi harusi wa siku moja. Wakikamua ndizi, wewe kaa mbali, hata wakisema unadeka. Mafuta yale ya kunukia waliyokununulia, yapake ukiwa ndani ya nyumba. Ukienda shambani yaache. Kabla hujanywa kitu kitamu nje, chungulia ndani ya kikombe. Nyuki akikuzunguka mmoja, usimpige, ondoka taratibu. Wakija wengi, funika uso kwa kanga ukimbie moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba, ufunge mlango. Usisimame kupigana nao, na usiingie majini, watakusubiri juu. Mwiba ukibaki, ukwangue kwa ukucha upesi. Usipoteze muda kutafuta namna nzuri ya kuutoa. Mtu akija na kitunguu au udongo, mshukuru, apake akiwa nyuma yako kwenye pikipiki. Na ukijisikia kizunguzungu, lala, inua miguu, usisimame hata wakikuambia jikaze. Ila pumzi ikibana, kaa wima. Na hata ukipata nafuu njiani, msigeuze pikipiki. Mama yako alipata nafuu mara ya pili, na ile nafuu ndiyo iliyonipa mdomo wa kumwigiza.

Nilipokuwa naaga kule Nyabusozi, nilimwomba mama mkwe wako awakataze watoto wake kucheka. Akasema, "Mkwe, sitakudanganya. Wanangu wanapenda kucheka. Kucheka watacheka. Wewe mwambie binti asinyamaze."

Nimelifikiria hilo njia nzima, na sasa ndilo pekee ninalokuachia. Miaka yote hii nilidhani kosa langu ni kicheko, na kwamba siku watu watakapoacha kucheka utakuwa salama. Lakini siwezi kuwanyamazisha watu wa Nyabusozi. Ninachoweza ni kukurudishia sauti niliyomnyang'anya mama yako.

Kesho watakufunika kanga, watakuambia uiname, utembee polepole, usimtazame mtu, usiseme neno mpaka ufike. Ni desturi nzuri, nayo iheshimu. Ila kabla ya hapo nakuomba kitu kimoja. Asubuhi, kabla hawajakuvisha, toka kwa mlango wa jikoni uende nyuma ya nyumba, pale kwenye migomba. Unapajua mahali penyewe kuliko mimi. Ukifika, niite. Si kwa sauti ya binti wa kuolewa. Niite kwa nguvu zako zote, mpaka wageni waache kula, mpaka Jenoveva atoke na mwiko wake kuuliza kuna nini. Wacha waseme bibi harusi amepagawa. Wacha wacheke.

Mimi nitakuwa uani. Ukiniita tu mara moja, nitakuja mbio.

Baba yako,
Laurenti